Jezi Isiyofuliwa

Jezi ya kwanza niliyoinunua nikiamini imevaliwa uwanjani haikuwa imevaliwa na mtu yeyote. Ilikuja na barua yenye saini na muhuri, jina na namba vilikuwa sahihi, saizi ililingana na umbo la mchezaji, na upande wa mbele ulikuwa na udongo wa kutosha kumridhisha mtu mwenye hamu ya kuridhishwa, yaani mimi. Ilinichukua miezi kadhaa kuiona vizuri. Udongo ulikuwa umetandazwa sawasawa kama rangi iliyopakwa kwa brashi, ilhali mchezaji anapoanguka hutangulia ubavu, goti au kiwiko, na nyasi huacha michirizi inayofuata mwelekeo wa kuteleza. Mishono ya kwapani haikuwa imevutika hata kidogo, ukosi haukuwa na ile rangi ya manjano inayoachwa na jasho, na namba ya mgongoni, iliyobandikwa kwa joto, haikuwa na ufa hata mmoja. Muuzaji alikuwa ameniuzia jezi halisi ya timu, kisha akaisingizia mchezo.

Kosa langu lilikuwa la msamiati kabla ya kuwa la macho. Jezi inayouzwa dukani, jezi iliyotengenezwa kwa ajili ya timu, jezi iliyoandaliwa kwa mchezaji fulani kwa mchezo fulani ambaye hatimaye alikaa benchi hadi mwisho, na jezi iliyovaliwa kweli zinaweza kufanana kwa kitambaa, uzi na nembo, na tofauti yao yote ikawa dakika tisini. Makumbusho huzitafuta hizo dakika tisini. Niliwahi kumwonyesha mtunzaji wa makumbusho kitu nilichojivunia sana, naye hakuniuliza kwanza kilikuwa cha nani. Aliuliza ni cha mchezo upi na tunajuaje, kisha akaomba kuona karatasi zangu kabla hajakigusa.

Mfano ninaourudia kila ninapoeleza jambo hili ni jezi ya buluu aliyoivaa Diego Maradona tarehe 22 Juni 1986, Argentina ilipoifunga Uingereza 2-1 katika Uwanja wa Azteca, Jiji la Mexico. Kocha wa Argentina, Carlos Bilardo, aliona jezi za buluu walizokuwa nazo ni nzito mno kwa joto la Mexico, kwa hiyo zilitafutwa nyingine nyepesi katika duka la mjini humo, na nembo zikashonwa juujuu na namba zikabandikwa kwa joto muda mfupi kabla ya mchezo. Haraka hiyo ilikuja kuwa neema kwa wathibitishaji, kwa kuwa nembo iliyoshonwa na mtu anayekimbizana na saa haikai mahali pale pale katika jezi mbili. Baada ya mchezo Maradona alibadilishana jezi na Steve Hodge, kiungo wa Uingereza, yule yule ambaye mguu wake ndio ulioupeleka mpira juu kuelekea kwa kipa wake na kuzaa bao ambalo Maradona alilifunga kwa mkono. Hodge aliitunza jezi hiyo, na kwa takriban miaka 20 ilionyeshwa katika Makumbusho ya Taifa ya Soka ya Uingereza, hadi ilipouzwa na kampuni ya mnada ya Sotheby's mwezi Mei 2022 kwa zaidi ya pauni milioni 7.1.

Mnada huo ulipotangazwa, binti wa Maradona alisema kwamba hiyo ilikuwa jezi ya kipindi cha kwanza. Asiyekusanya vitu hivi huenda akaona ni ubishi mdogo, lakini mabao yote mawili ya Maradona yalifungwa katika kipindi cha pili, na jezi ya kipindi cha kwanza ingekuwa jezi ya mchezo ambao bado ulikuwa sifuri kwa sifuri. Kilichoamua ni picha: nembo, mistari ya kitambaa na namba vililinganishwa na picha za mabao hayo hadi ikaridhisha kwamba ndiyo yenyewe. Ushuhuda wa Hodge ulikuwa mzuri na wa moja kwa moja, kwani aliipokea kutoka mkononi mwa mchezaji, na hata hivyo haukutosha peke yake.

Kulinganisha na picha ndiyo kazi ninayoifurahia kuliko kununua kwenyewe. Unatafuta kitu ambacho kiwanda hakikukusudia: uzi uliochomoza pembeni ya herufi, mahali ambapo mstari wa kitambaa unakutana na mshono wa bega, kitundu kilichozibwa, doa lenye umbo lake. Ukipata alama mbili au tatu zinazokaa vilevile katika picha yenye tarehe inayojulikana, umepata jambo ambalo barua ya muuzaji haiwezi kukupa. Thamani nayo huufuata uthibitisho huo. Jezi ya kijivu ya Babe Ruth, nyota wa besiboli wa Marekani, ya mwaka 1932 iliuzwa mwaka 2005 kwa takriban dola 940,000. Mwezi Agosti 2024, ikiwa imelinganishwa na picha za mchezo wa tatu wa fainali za besiboli za mwaka 1932, iliuzwa kwa dola milioni 24.12. Sidai kwamba picha peke yake ndiyo iliyoongeza mamilioni yote hayo, kwa maana soko lenyewe nalo lilikuwa limepanda, lakini ningependa kumwona mtu anayelipa kiasi hicho bila picha.

Ligi kuu ya besiboli ya Marekani iliamua kutosubiri picha. Tangu mwaka 2001, baada ya uchunguzi wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, kufichua mitandao ya kughushi saini za wanamichezo, huwaweka uwanjani wathibitishaji, wengi wao wakiwa polisi wa sasa au wastaafu, ambao hukifuata kifaa kwa macho tangu kinapotoka mchezoni na kukibandika stika ya hologramu yenye namba yake. Kisichoonekana na mthibitishaji hakibandikwi. Huo ni ukali ninaoutamani katika michezo mingine.

Mipira ni migumu zaidi, kwa kuwa mpira hauna mtu aliyeuvaa. Ule wa Azteca ulithibitika kwa urahisi usio wa kawaida: mpira mmoja ulitumika mchezo mzima na mwamuzi Ali Bin Nasser wa Tunisia akabaki nao, hadi ulipouzwa mwezi Novemba 2022 kwa pauni milioni 2. Na kuna ushindi usiotuachia kitu, kama ule wa Mwethiopia Abebe Bikila katika marathoni ya Roma mwaka 1960, kwani alikimbia miguu mitupu na kuwanyima wakusanyaji viatu milele.

Ukishathibitisha, kazi inayobaki ni kutokuharibu. Usifue. Jasho, chokaa na nyasi ndivyo vinavyoitenga jezi hiyo na ile ya dukani, na sabuni haichagui ushahidi. Mimi huilaza jezi juu ya karatasi isiyo na asidi ndani ya sanduku lisilo na asidi, na hubadilisha mikunjo mara kwa mara ili uzi usikatike mahali pamoja. Situndiki jezi kwenye hanga, kwa kuwa uzito wake wenyewe huivuta mabega. Makumbusho mengi hayapitishi mwanga wa luksi 50 kwa vitambaa, na huweka unyevu wa hewa karibu asilimia 50 bila kupanda na kushuka. Viatu vinanisumbua zaidi. Viatu vya mkimbiaji Mwingereza Roger Bannister, alivyovivaa mwaka 1954 alipokimbia maili kwa dakika 3 na sekunde 59.4, vilikuwa vya ngozi, na bado vilikuwepo kuuzwa mwaka 2015 kwa pauni 266,500. Soli za poliurethani, aina ya plastiki, za viatu vya siku hizi hulika kwa unyevu wa hewa na kumeguka kama mkate mkavu, hata visipovaliwa, na hilo huweza kucheleweshwa tu.

Baadhi ya makumbusho hayanunui kabisa. Lile la besiboli la Cooperstown, Marekani, hupokea vitu kama zawadi tu, kwa hiyo mkusanyaji anayetaka kitu chake kikae humo sharti aachane na wazo la bei.

Ile jezi yangu ya kwanza bado ninayo. Nimeiwekea kadi inayosema: jezi halisi ya timu, haikuvaliwa, udongo uliongezwa baadaye. Katika sanduku la pili kuna nyingine, ambayo nimeilinganisha na picha moja ya kipindi cha kwanza kwa mshono wa mkono wa kushoto. Kadi yake inasema kipindi cha kwanza, na mstari wa kipindi cha pili nimeuacha wazi kwa penseli.