Paranal, mlima uliokatwa kichwa

Jumamosi ile ya Julai tuliondoka Antofagasta, kaskazini mwa Chile, kwenda kituo cha darubini cha Paranal, saa tano asubuhi, mji ungali umemezwa na ukungu wa baharini ambao Wachile wa pwani huuita camanchaca. Nikamlalamikia dereva: nimetoka Dar kote huko kuja kuona mahali pa kutazamia nyota, naoneshwa wingu? Akacheka tu. Barabara ikapanda, ikapanda, mara tukachomoza juu ya ukungu, jua kali, mbingu buluu tupu. Nyuma yetu ukungu umejilaza kama sufi iliyomwagwa.

Kumbe ndiyo siri yenyewe. Pasifiki iko kilomita kama 12 tu kutoka Paranal, ila mkondo wake wa baridi huyaweka mawingu chini, yasifike kileleni, mita 2,635. Unyevu wa msitu wa Amazon nao huishia milima ya Andes. Jani sikuona, hata la dawa. Midomo ilipasuka kabla ya kufika getini, na mafuta yangu ya nazi yameganda chupani!

Tukapewa kofia ngumu. Kileleni ni uwanja: mwamba ulilipuliwa kwa baruti, zikaondoka karibu mita 30, wakapata pa kusimamisha darubini nne, kila moja na kioo cha kipenyo cha mita 8.2. Zina majina ya Kimapuche, lugha ya wenyeji wa Chile: Antu ni jua, Kueyen mwezi, Melipal kundi la nyota la Msalaba wa Kusini, Yepun Zuhura.

Ndani ya jengo la darubini kulikuwa na baridi kuliko nje. Mchana kutwa jengo hupozwa kwa viyoyozi, ili usiku kioo kisiwe na joto kuliko hewa. Kikiwa na joto, hewa juu yake hucheza kama juu ya lami saa saba mchana, na picha ya nyota huvurugika. Ule mmemetuko tunaousifia kwenye mashairi, kwa wataalamu wa nyota ni kero.

Ila wageni huondoka kabla ya giza. Safari yote hiyo, nikaona darubini zimelala! Dereva akanihurumia, akaegesha pembeni mwa barabara ya jangwani, akazima taa. Tukangoja, mikono makwapani. Nyumbani Msalaba nimezoea kuutafuta chini chini upande wa kusini. Hapa ilinibidi niinue shingo, na nyota zake zilikuwa zimetulia tuli.