Akatoka Ndama Huyu

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya.

Somo la wiki hii ni Kutoka 32, ila anzeni nyuma kidogo, sura ya 4. Musa analalamika kuwa ulimi wake ni mzito, Mungu anampa Haruni awe msemaji wake kwa watu. Kazi ya msemaji ndiyo hiyo: sauti yako, maneno ya mwingine.

Sisi wa Masasi tuna mtu wa kwetu aliyeifanya. Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso mwaka 1938, kabla ya urais alikuwa mtu wa kalamu. Mwaka 1966 alikuwa mhariri wa magazeti ya chama, 1972 akashika Daily News, na 1974 Mwalimu Nyerere akamchukua kuwa katibu wake wa habari. Miaka miwili baadaye akapewa kazi ya kuanzisha Shihata, Shirika la Habari Tanzania. Mimi hiyo ya 1974 ndiyo hunifikirisha. Umekaa mlangoni kwa mkubwa, nje waandishi wanakungoja na madaftari yao, na kila utakalotamka litahesabiwa kuwa lake.

Haruni mbele ya Farao aliiweza. Kilichomshinda ni zile siku 40 Musa akiwa mlimani. Anayemsemea hayupo, watu wamechachamaa. Akapokea pete zao za dhahabu, na fungu la 4 linasema wazi kuwa alitumia patasi kumtengeneza ndama wa kuabudiwa. Lakini Musa alipomuuliza, jibu likawa: niliitupa dhahabu motoni, "akatoka ndama huyu". Yaani ndama kajitokea mwenyewe! Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikaniishia.

Oktoba iliyopita, msimu wa korosho umepamba moto, bibi mmoja wa jumuiya yetu aliomba Komunyo ya wagonjwa. Nilikuwa katibu, jina lake nikaliandika kwenye karatasi, karatasi nikaitia mfuko wa shati, nikaenda shambani kuokota korosho. Siku ya siku bibi akatandika kitambaa cheupe, akaweka mshumaa, akakaa mkekani tangu asubuhi. Padri hakutokea. Jioni nikamwambia, "Bibi, taarifa ilichelewa." Ilichelewa! Kana kwamba ilikuwa na miguu.

Mzee Mkapa aliingia Ikulu na kaulimbiu ya Uwazi na Ukweli. Mwaka 2019, miaka 14 baada ya kutoka madarakani, katika kumbukumbu za maisha yake aliyataja mauaji ya waandamanaji kule Pemba ya Januari 2001 kuwa doa katika utawala wake. Wapo wanaoona alichelewa mno, na waliofiwa wana haki ya kusema hivyo. Lakini mtu aliyewahi kulipwa kwa kuchagua maneno alijua yapo mengine laini zaidi ya "doa". Mwaka uliofuata, Julai 2020, tulimzika Lupaso.

Alhamisi hii nilikwenda kwa bibi. Nilimkuta barazani anapepeta mchele. Nikamwambia: ile karatasi ilikaa mfukoni mwangu, sikuifikisha.

Hakuacha kupepeta. "Najua, mjukuu wangu. Padri mwenyewe aliniambia jina langu hakuliona. Nilikuwa nakungoja wewe."

Kisha akaniuliza kama safari hii nimeshaliandika.