Zulia limerudi sebuleni

Jumapili, usiku.

Zulia limerudi. Miezi miwili lilikuwa limekunjwa stoo, na leo mchana nimeliburuta mwenyewe, nikalitandaza, nikapiga chafya mpaka machozi yakanitoka.

Yote yalianzia kwenye picha. Niliona jaridani sebule ya mtu: sakafu tupu inayong'aa, kochi moja la kijivu, ukuta mweupe, dirisha halina pazia. Nikageuka kutazama kwangu, nikaona makorokoro matupu. Basi nikatoa zulia, nikashusha mapazia mazito, nikahamishia vitabu chumbani, na balbu zote nikaweka za mwanga mweupe pee. Kwa macho, chumba kilipendeza kweli. Siku mbili nzima nilikitembelea kama mgeni.

Siku ya tatu nikaweka santuri. Piano, niliyozoea kuisikia karibu kama mtu mnayeongea naye meza moja, ikawa inalia kama imetumbukia kwenye tangi. Kila noti ina kivuli chake nyuma. Nikalaumu sindano, nikanunua nyingine. Nikalaumu spika, nikazihamisha kona hadi kona. Haikunijia kabisa kwamba vyombo ni vilevile na kilichobadilika ni chumba: sauti inagonga ukuta inarudi, inagonga sakafu inarudi tena, na hakuna cha kuimeza. Kazi ya kuimeza ilikuwa ikifanywa na zulia, mapazia na vitabu, yale yale niliyoyaita makorokoro.

Kilichonichekesha zaidi ni mvinyo. Katika majuma hayo nilifungua chupa tatu za mvinyo mwekundu ninaoujua kama jina langu, na zote nikaziona kali, zinakwaruza ulimi. Nikaapa kwamba watengenezaji wamenigeuka. Sasa nacheka. Mwaka 1997 mwanasaikolojia Adrian North na wenzake walieleza jaribio walilofanya kwenye duka la Uingereza: siku zilipopigwa nyimbo za Kifaransa, mvinyo wa Ufaransa uliuzika kuliko wa Ujerumani, zilipopigwa za Kijerumani, mambo yakageuka. Wengi wa wanunuzi hawakujua kama wimbo umewashika mkono. Kule Bordeaux, Ufaransa, nako, mtafiti Frédéric Brochet aliwapa wanafunzi wa mvinyo glasi ya mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Kama wasomi wa fani walipotoshwa na rangi, mimi ni nani nisipotoshwe na balbu za chumba cha upasuaji?

Lakini tusizidishe. Mvinyo ulioharibiwa na kizibo hunuka boksi lililoloa, uwashe taa ya namna yoyote na upige muziki wa malaika.

Basi leo nimerudisha balbu za mwanga wa njano, nikazima ya darini, nikabakiza taa moja ya chini nyuma ya kochi. Doa la zamani kwenye zulia, la glasi niliyomwaga nikicheza peke yangu, nimelisogeza chini ya mguu wa kochi. Ukingo wake bado unaonekana, mwembamba kama mwezi mwandamo. Liache.

Nikamimina, nikaketi, kisha nikafanya kosa la kufungua simu. Vita, ushuru, uchaguzi, joto. Nikaiweka kifudifudi mezani, macho yakaangukia chupa, na lebo ikaniambia mwaka wa mavuno: 2023. Kumbe habari zilishamiminwa kwenye glasi. Mwaka huo, kwa hesabu za shirika la kimataifa la mizabibu na mvinyo lenye makao Dijon, dunia ilitoa hektolita milioni 237 hivi (hektolita moja ni lita mia), kiasi kidogo kuliko mwaka wowote tangu 1961. Italia mvua zilileta ugonjwa wa ukungu uliokula mashamba. Hispania ukame ukakausha. Mwaka huohuo Ufaransa ikapitisha mpango wa kuwalipa wakulima wa Bordeaux wang'oe mizabibu, kwa sababu wanywaji wa mvinyo mwekundu wanapungua. Hapo ndipo huwa nakwama. Mavuno haba, na bado kuna mvinyo usio na mnywaji, vyote kwa mwaka mmoja. Mzabibu hukaa kama miaka mitatu kabla ya kutoa mavuno ya maana. Kuung'oa ni shughuli ya asubuhi moja na trekta. Namfikiria mtu anayetia sahihi fomu ya kung'oa mistari iliyopandwa na babu yake, halafu mimi nalalamika kwamba mvinyo unakwaruza ulimi.

Usiku huu haukwaruzi. Sijui nimsifu nani, mkulima au zulia.

Upande wa kwanza wa santuri umekwisha. Sindano inazunguka palepale katikati, inasema tss, tss, inangoja mtu ainuke aigeuze. Nimevua viatu na miguu imezama kwenye manyoya. Ingoje kidogo.