Ruta mbili zilivyoacha kugombana

Nyumbani Uyole, Mbeya, Wi-Fi ya sebuleni haifiki chumba cha uani, nikaongeza ruta ya pili kwa waya. Simu zikawa zinashika, mistari imejaa, intaneti hamna. Nikazima nikawasha, nikabadili waya, nikairudisha hali ya kiwandani. Wapi!

Kumbe ruta zote mbili zilikuwa na anwani moja ya mtandao, 192.168.1.1. Nikaichomeka laptopu kwenye ruta ya pili peke yake, nikaipa ruta hiyo anwani ya 192.168.1.2, nikahifadhi, ndipo nikazima DHCP yake (huduma inayogawia vifaa anwani), ili ya sebuleni igawe anwani peke yake. Ukianza na DHCP, laptopu inaweza kukosa anwani na usiingie tena kwenye mipangilio ya ruta (mimi yalinikuta).

Halafu waya wa sebuleni: kwenye ruta ya pili uchomeke tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si la WAN (la kupokea intaneti ya nje). Hilo tundu tu lilinila siku tatu. Sasa uani panapiga hadi video.