Siku mwema

Tangu Jumanne maneno mawili hayanitoki. Kadi ya siku ya kuzaliwa ya Baba Mdogo niliiandika *Felix diem natalem*, nikaipiga picha, nikamtumia. Mnamjua, Kilatini cha seminari hakijamtoka. Akapiga simu, nikamwamkia, akaanza na kicheko. “Mwanangu, hapa ni kama umeniandikia ‘siku mwema’.” Nikamjibu nimeelewa. Sikuwa nimeelewa.

Ofisi imehama wiki hii na Mama ametoka hospitali, mimi bado niko na *felix*.

*Dies natalis* ndiyo siku ya kuzaliwa. Ikiwa kiima, ni *Felix sit dies natalis*, siku na iwe ya heri. Ukimtakia mtu siku hiyo, inakuwa yambwa, yaani kile unachomtakia, na maneno yote matatu hubadili mwisho: *Felicem diem natalem tibi exopto*. *Exopto* ni “natakia”. Hata ukilidondosha, miisho inabaki vilevile. Mimi nilibadili mawili, *felix* nikaliacha na nguo za nyumbani. *Tibi* ni ya mtu mmoja, mapacha wapewe *vobis*. Na jina je! Nilimwita *Paulus*, kumbe Paulus akiitwa huwa *Paule*, na *Antonius* huwa *Antoni*. Maria habadiliki. Hilo la Paule hakuligusa, nadhani alinihurumia.

Siku mwema. Siku mwema!

Jana usiku nikairudia barua ya Claudia Severa, mwanamke wa Kirumi wa kale, ile iliyofukuliwa Vindolanda, ngome ya Warumi kaskazini mwa Uingereza: wino juu ya kibao chembamba cha mti, mnamo mwaka 100 hivi. Anamwalika rafiki yake Sulpicia Lepidina kwenye siku yake ya kuzaliwa, *iii Idus Septembres*. Idus, siku ya katikati ya mwezi kwa Warumi, kwa Septemba ni tarehe 13, na unarudi nyuma ukiihesabu nayo: 13, 12, 11. Ukitoa 3 kwa haraka unapata tarehe 10, utawakuta hata moto hawajawasha. Barua imeandikwa na karani, lakini mwishoni Severa kaishika kalamu mwenyewe: *Sperabo te, soror*. Nitakutazamia, dada. Mwandiko si wa fundi, na ndio ninaoupenda.

Nimeusoma mara nne, na kile kicheko kimeanza kunichekesha na mimi. Kesho namwandikia Baba Mdogo kadi nyingine, *Paule* juu, *ad multos annos*, kwa miaka mingi, chini, kwa mkono wangu.

Ila jiko la gesi linatoa moto wa njano tangu asubuhi, na mshahara bado.