Sindano Kwenye Kigimbi

Sisi wanariadha tulilelewa tuiogope sindano, na si kwa sababu inachoma. Kambini kwetu mtu akionekana na bomba la sindano mkobani, hata kama ni la insulini, minong'ono ilianza kabla hajafunga zipu. Kila semina ya dawa zilizopigwa marufuku tulikumbushwa kwamba hata dripu ya maji ya chumvi ikizidi mililita 100 ndani ya saa 12 ni kosa, labda uwe hospitalini au uwe na kibali. Kwa hiyo kocha aliposikia kwamba fizio, mtaalamu wetu wa fiziotherapia, amenielekeza kwa mama mmoja anayetibu kwa akupancha, ile tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba mwilini, hakuuliza kama inaponya. Aliuliza, "Ndani ya hizo sindano kuna nini?"

Hamna kitu. Hata tundu hazina. Lakini kocha si mtu wa kuambiwa, akasema atakuja mwenyewe kunichukua.

Tatizo langu lilikuwa kano ya kisigino cha kulia. Anayeijua hahitaji maelezo. Asubuhi nilishuka kitandani nikatembea kama mzee wa miaka tisini, nikishika ukuta. Nikishapasha mwili, maumivu yalijificha, nikakimbia vizuri tu, na jioni yakarudi na riba. Sentimita chache juu ya kisigino palikuwa na uvimbe mdogo mgumu. Ukiubana kwa vidole viwili nilikuwa naruka. Fizio alikwisha kunipa mazoezi, ila kigimbi kilikuwa kimekaza kiasi kwamba kila nikiyaanza nilishindwa kuyamaliza. Ndipo akasema niende kwa huyo mama akilegeze kwanza.

Chumba kilikuwa na vitanda viwili, pazia katikati. Kabla hajagusa mguu wangu aliniuliza maswali mfululizo. Natumia dawa za kuzuia damu isigande? Nina kidonda au homa? Nimewahi kuzimia nikitolewa damu? Nimekula? Hilo la mwisho alilirudia, kwa sababu mtu mwenye njaa huishiwa nguvu kitandani upesi. Akanawa mikono, akapasua pakiti mbele ya macho yangu ili nione kwamba ni mpya, akanionyesha sindano moja. Unene wake milimita 0.25. Sindano ya kutolea damu ina karibu milimita 0.8, na ina mdomo mkali wa kukata; hii ilipinda nilipoigusa kwa ncha ya kidole.

Nikalala kifudifudi. Alikipapasa kigimbi kwa dole gumba, taratibu, mpaka akafika pale kinapogawanyika unaposimama kwa vidole vya miguu. Akaniambia Wachina wanapaita Chengshan, na kwamba ni nukta ya 57 kwenye njia ya kibofu, mojawapo ya njia ambazo tiba hiyo inasema nguvu ya mwili hupitia.

"Kibofu, Mama?"

"Kibofu, mwanangu. Njia yenyewe inaanzia kwenye kona ya jicho, inapita kichwani na mgongoni, inaishia kidole kidogo cha mguu. Nukta 67. Nilizikariri zote."

Nilijizuia kucheka. Kano yangu ina shida gani na kibofu? Lakini dole gumba lake lilikuwa limetua mahali penyewe hasa, pale ambapo fizio naye alikuwa akibonyeza huku mimi nikiuma taulo.

Sindano ya kwanza niliisikia kama haikuja. Aliipitisha kwenye mrija mdogo wa plastiki, akaigonga kwa kidole, basi. Nikafikiri mambo ndiyo hayo. Kisha akaisukuma ndani zaidi, akaizungusha kidogo, na kigimbi kikashtuka chenyewe, mara moja, kwa nguvu, bila kuniomba ruhusa. Nimekimbia kwa mguu ule miaka yote na sikuwahi kuuona ukifanya jambo ambalo sikuuagiza. Baada ya mshtuko ukaja uzito. Si maumivu ya kuchomwa; ni kitu kizito, cha ndani, kinachovuta kuelekea kisigino.

"Mama, kuna kitu kimeshika huko."

"Ndicho ninachokitafuta. Tulia."

Akaongeza nyingine, mbili kati yake zikiwa karibu na kifundo cha mguu, huku na huku ya kano. Kwenye kano yenyewe hakugusa. Akaniambia nisijigeuze, akaenda upande wa pili wa pazia.

Huko alikuwapo mtupa tufe, jamaa mwenye shingo nene kuliko paja langu, bega lake likimsumbua. Nilimsikia akikataa kulala, ati bega linafikika vizuri akiwa amekaa. Nikamsikia mama akimwambia kwamba kila mtu hulala mara ya kwanza. Nikamsikia akisema yeye si kila mtu. Mlio wa sindano ikigongwa, kimya, halafu kishindo cha mwili mzito ukiegemea ukuta, na sauti ya mama bila haraka yoyote: "Haya. Sasa lala." Aliichomoa sindano, akamwinua miguu juu ya mto, na baada ya muda mfupi jamaa akawa anaomba tusimwambie mtu. Mimi nilikuwa kifudifudi na sindano mguuni, nikicheka kwenye mto kwa uangalifu mkubwa, maana kila nikicheka kigimbi kilivuta.

Aliporudi nilimuuliza swali nililokuwa nalo tangu kwenye kibofu. Hizi njia zipo kweli? Nilitegemea akasirike. Badala yake alivuta kiti akakaa.

Akanisimulia utafiti wa Ujerumani uliotoka mwaka 2007, wa watu 1,162 waliokuwa na maumivu sugu ya mgongo. Kundi moja lilichomwa kwenye nukta za Kichina, jingine likachomwa juu juu mahali pasipo na nukta yoyote, la tatu likapewa matibabu ya kawaida ya dawa, fiziotherapia na mazoezi. Baada ya miezi 6 waliopata nafuu kundi la kwanza walikuwa asilimia 47.6, la pili asilimia 44.2, la tatu 27.4.

"Sasa wewe niambie, nani kashinda?"

Nikafikiri kidogo. "Sindano imeshinda. Ramani imeshindwa."

Akacheka. "Na mimi nililia na hiyo ramani miaka!" Halafu akasema anaendelea kuitumia kwa sababu inamfundisha vidole vyake pa kuanzia, na kwamba mtu aliyelala, akaguswa kwa makini na kusikilizwa, mwili wake hupunguza ulinzi, iwe pana nukta au hapana. Nimekutana na waganga na madaktari wengi wa wanariadha tangu siku hiyo. Wachache sana waliwahi kunipa takwimu zinazoikata biashara yao wenyewe, na huenda ndiyo maana nilimwamini kwa yaliyofuata.

Alipozichomoa na kuzitupa kwenye kopo la vyenye ncha kali, aliniambia nisimame. Nikasimama. Nikanyanyuka kwa vidole vya miguu yote miwili, kisha kwa mguu wa kulia peke yake, jambo lililonishinda asubuhi hiyo. Nikanyanyuka tena. Kigimbi kilikuwa kimechoka lakini laini. Tayari kichwani nilikuwa uwanjani, mzunguko wa kwanza.

"Ushaanza kukimbia," akasema, akiniangalia usoni. "Maumivu yamenyamaza. Kano haijui lolote, iko vile vile ilivyoingia."

Akanitoa nje hadi kwenye ngazi. Nisimame ukingoni kwa nusu ya unyayo, ninyanyuke kwa mguu mzima, nishuke polepole kwa mguu mbovu mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Goti likiwa limenyooka, kisha likiwa limekunjwa kidogo. Mara 15, seti 3, kutwa mara 2, wiki 12. Ndiyo mazoezi yale yale ya fizio. Yalichapishwa mwaka 1998 na Msweden Håkan Alfredson, kwa wakimbiaji 15 waliokuwa wakisubiri upasuaji wa kano, na wote wakarudi kukimbia. Kazi ya sindano, kwa maneno ya mama, ilikuwa kunifikisha kwenye ngazi. Safari hii nilishuka seti nzima. Iliuma, lakini nilishuka.

Hapo ndipo kocha alipotukuta. Akaamkia, akaomba kuona sindano, akapewa moja mpya, akaichungulia dhidi ya mwanga akitafuta tundu. Alipolikosa akarudi kwenye lugha yake.

"Daktari, hii inamwongezea mbio?"

"Mwalimu, mbio unampa wewe. Mimi sijaona sindano iliyompa mtu mbio."

"Lakini naona anasimama vizuri."

"Anasimama vizuri."

"Kwa hiyo Jumamosi mita 10,000..."

"Jumamosi atashangilia."

Kocha alinitazama kana kwamba mimi ndiye nitakayeamua. Nilimwambia nina wiki 12 za ngazi. Akatikisa kichwa, akatoa simu, akampigia kijana aliyekuwa akiba, palepale kwenye ngazi, huku mimi nikiwa kwenye seti ya pili.