Kumbukumbu ya mradi: uzi wa Nairobi hadi New York

Mradi ni huu: kuchora njia fupi kuliko zote kati ya uwanja wa Jomo Kenyatta na ule wa John F. Kennedy, kisha kuifuata kituo kwa kituo nijue inapita juu ya wapi. Nimeichagua safari hii kwa kuwa Kenya Airways imeirusha moja kwa moja tangu Oktoba 2018, na nusu ya watu ninaowajua wana ndugu upande wa pili.

Uzi

Nilianza na tufe la dunia lenye kipenyo cha sentimita 30 na uzi wa kushonea viatu. Ukibana ncha moja Nairobi na nyingine New York, kisha uzi ukaulegeza, unaweza kuulaza popote upendapo: Kongo, Nigeria, katikati ya Atlantiki. Sasa uvute. Uzi unaanza kuteleza kuelekea kaskazini, unaiacha Kongo yote kushoto, unaingia Sahara, na ukikaza sawasawa haukubali kukaa mahali pengine. Rula ilisoma karibu sentimita 28. Kwa tufe la ukubwa huo, sentimita moja ni kama kilomita 425, kwa hiyo tunazungumzia kilomita 11,900 hivi.

Nikaihamishia njia hiyo kwenye ramani ya ukutani, ya Mercator. Mpwa wangu akaitazama: "Anko, mbona umeipindisha?"

Swali zuri, maana kwenye ramani ile mstari wa rula unapita Afrika ya Kati, Nigeria, Mali na Mauritania, halafu baharini, na unaonekana ndio wa mkato. Lakini Mercator aliichora ramani yake mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia. Alitaka nahodha ashike dira kwenye pembe moja tu mpaka afike, na ili hilo liwezekane ilibidi aitanue dunia kadiri unavyokwenda kaskazini. Ramani imepinda, uzi umenyooka.

Hesabu

Hapa sikai sana. Chukua saini (sine) za latitudo mbili uzizidishe. Ongeza zao la kosaini (cosine) zake na kosaini ya tofauti ya longitudo. Jibu ni kosaini ya pembe iliyo kati ya miji miwili, ukiitazama kutoka kitovu cha dunia. (Excel inataka pembe kwa radiani, si digrii, na latitudo ya Nairobi ni hasi kwa sababu tuko kusini ya Ikweta.) Nilipata pembe ya digrii 106.45. Kila digrii ni kilomita 111.2, basi kilomita 11,837. Uzi wa viatu haukuwa mbali.

Njia ya dira moja, ile ya rula, inatoka kilomita 12,189. Zaidi ya kilomita 350 za bure, yaani dakika 25 hivi za ndege kubwa.

Kilichonifurahisha zaidi ni mwelekeo. Kwenye njia fupi unaondoka Nairobi ukielekea digrii 312 za dira (kuhesabu kutoka kaskazini, kwa mwendo wa saa), kaskazini-magharibi kabisa, na unaingia New York ukielekea 257, yaani magharibi ukishuka kidogo kusini. Dira imegeuka digrii 55 na ndege haijakata kona hata moja.

Chini ya njia

Hii ndiyo sehemu niliyoitaka tangu mwanzo. Ukitoka uwanjani unakutana na Ziwa Naivasha, karibu katikati yake. Halafu miteremko ya kusini ya Mlima Elgon, na mpaka wa Uganda umeuvuka. Gulu iko chini yako kabisa. Sudan Kusini, pembe ya Darfur nchini Sudan, Chad kwa mshazari, Niger, na kisha Algeria, ambayo haiishi. Mji wa Adrar unapita chini ya mstari, nikashangaa jinsi Sahara ilivyo na miji ambayo sijawahi kuisikia. Marrakesh inabaki kidogo upande wa kushoto, na Afrika imekwisha.

Baharini nilitarajia maji matupu. Lakini mstari unakwenda kugusa visiwa vya Azores, karibu na kimojawapo, Terceira, kisha unapanda hadi latitudo ya 42.3, kaskazini kuliko New York yenyewe, ndipo unaanza kushuka. Kisiwa cha Nantucket, pwani ya Marekani, kiko njiani. Halafu JFK.

Lakini marubani

Anga ya Sudan imekuwa na shida tangu vita vilipozuka Aprili 2023, kwa hiyo mstari wangu safi ni wa kwenye karatasi. Nikajiuliza kuukwepa kunagharimu kiasi gani. Nikaweka kituo cha kufikirika Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, ulio karibu kilomita 890 nje ya mstari. Nilidhani safari itarefuka vibaya. Jumla ikatoka kilomita 12,025: nyongeza ya 188 tu, na bado ni fupi kuliko njia ya rula! Safari ikiwa ndefu, kuchepuka ni rahisi ajabu, na ukichepuka nusu ya hapo gharama inashuka hadi kama robo.

Ndiyo maana upepo una sauti kubwa hivyo. Juu ya Atlantiki pepo za magharibi ni za mbisho ukienda na za kukusukuma ukirudi. Ratiba ya mwanzo ilikuwa kama saa 15 kwenda na 14 kurudi. Rubani akiona upepo mwema kilomita mia mbili pembeni, ataufuata, na atakuwa sahihi.

Kinachofuata

Helsinki hadi Tokyo. Finnair ilikuwa ikikatiza Siberia kwa saa tisa na kitu; tangu anga ya Urusi ifungwe mwaka 2022 safari imekuwa kama saa 13, wakati mwingine kwa kupitia Ncha ya Kaskazini. Huko kuchepuka si rahisi hata kidogo, na nataka kuona kwenye jedwali ni wapi bei inapoanza kupaa.